Bert Kaempfert, mpangaji muziki wa Hamburg: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Taja jina la Bert Kaempfert mbele ya watu kumi, na tisa watakuambia hawamjui. Waimbie mstari mmoja wa "Strangers in the Night" na wengi watakumalizia wa pili. Pengo hilo ndilo lililonifanya nikae chini kuandika majibu haya. Nimeulizwa maswali mengi juu ya huyu bwana, mengine na vijana wanaopiga ala, mengine na wazee waliokuwa na santuri zake nyumbani bila kujua aliyezitengeneza ni nani. Nimeyaweka pamoja hapa. Baadhi nimeyajibu kwa urefu kwa sababu yana mengi ndani yake.

Bert Kaempfert alikuwa nani?

Mjerumani, mzaliwa wa Hamburg. Alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1923 katika Barmbek, mtaa wa wafanyakazi wa mji huo wa bandari, akafariki tarehe 21 Juni 1980 huko Majorca, Hispania, akiwa na miaka 56. Aliongoza okestra, alitunga, alikuwa prodyuza wa kampuni ya santuri ya Polydor, na juu ya yote hayo alikuwa mpangaji wa muziki. Ukitaka kumwelewa, anza na hilo la mwisho. Mengine yote aliyafanya kwa sikio la mpangaji.

Jina lake linatamkwaje?

Sema "Kempfat" nawe utakuwa karibu sana. Awali liliandikwa Kämpfert, na ile herufi yenye nukta mbili juu Wajerumani huitamka kama "e" yetu.

Mpangaji wa muziki hufanya nini? Si ndiye mtunzi?

Hapana, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa yote mawili. Mtunzi hukupa wimbo: sauti inayopanda na kushuka, ile unayoweza kuipiga mluzi ukiwa njiani. Mpangaji huamua wimbo huo utavaa nini. Tarumbeta iingie lini? Fidla zipige sauti moja zote au zigawanyike? Besi ikae kimya wapi ili mdundo upumue? Tuongeze kasi au tuipunguze? Kila mpigaji anawekewa karatasi yake ya nota, na karatasi zote hizo zimetoka katika kichwa kimoja.

Aliyekaa mbele ya kikundi kikubwa cha taarab cha Zanzibar, mfano Ikhwani Safaa, ameshaliona jambo hili kwa macho yake. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, inatangulia, fidla zinajibu, kodiani inajaza nafasi, kisha mwimbaji anaingia juu ya zulia lililokwisha kutandikwa. Mwimbaji tunamtuza. Aliyetandika zulia mara nyingi hata jina hatumuulizi. Kaempfert aliishi maisha yake yote katika nafasi ya mtandikaji huyo, na alikuwa miongoni mwa bora kabisa duniani.

Chukua "Red Roses for a Blue Lady". Wimbo huo si wake, uliandikwa Marekani katika miaka ya 40. Yeye alipouchukua mwaka 1965 hakubadili sauti yake hata kidogo, ila aliukalisha juu ya mwendo wake wa kutembea taratibu, akampa mpiga tarumbeta nafasi ya mwimbaji, na wimbo ule wa zamani ukarudi tena kwenye chati za Marekani. Hiyo ndiyo kazi ya mpangaji.

Alijifunzia wapi?

Alisomea muziki katika chuo cha muziki cha Hamburg, akawa anapiga piano, klarineti, saksafoni na kodiani. Ujana wake ukaangukia kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Alitumika kama mpigaji katika bendi ya jeshi la majini la Ujerumani, na vita vilipokwisha alikuwa mfungwa nchini Denmark. Humo kambini akaunda bendi.

Aliporudi nyumbani, Hamburg ilikuwa kifusi na Waingereza ndio waliokuwa wakitawala sehemu hiyo. Vijana waliojua kupiga ala walipata mkate kwa kuwapigia askari wa kigeni kwenye vilabu vyao, naye akawa mmoja wao. Alipiga pia katika redio ya majeshi ya Uingereza mjini humo. Nadhani shule yake kubwa ilikuwa pale. Jazi ambayo utawala wa Hitler uliipiga vita sasa ilitakiwa kila usiku, na ilitakiwa ipigwe vizuri, kwa wasikilizaji walioijua. Muziki wake wote wa baadaye una swingi ya Kimarekani, ule mdundo wa jazi wa kuchezeka, iliyopigwa na Wajerumani waliojifunza kwa njaa.

Ilikuwaje Mjerumani akashika namba moja Marekani?

Mwaka 1959 alirekodi kipande kilichoitwa "Wunderland bei Nacht", utunzi wa Klaus-Günter Neumann. Tarumbeta inayoongoza imepigwa na Charly Tabor: inalalamika polepole, huku kwaya isiyo na maneno ikipumua nyuma yake. Nyumbani Ujerumani hakupata wa kukitoa. Akakipeleka New York kwa Milt Gabler wa kampuni ya Decca.

Gabler si mtu wa kupita haraka. Ndiye aliyeanzisha Commodore, kampuni iliyotoa "Strange Fruit" ya Billie Holiday mwaka 1939 pale kampuni kubwa ilipoogopa kuirekodi, na ndiye aliyesimamia "Rock Around the Clock" ya Bill Haley mwaka 1954. Sikio lake lilikuwa halikosei mara nyingi. Akakitoa kile kipande kwa jina la "Wonderland by Night", na Januari 1961 kikakaa kileleni mwa chati ya Billboard kwa wiki tatu. Kilimwondoa Elvis Presley. Albamu yenye jina hilo hilo nayo ikafika namba moja.

Ni miaka 15 tu ilikuwa imepita tangu vita viishe. Wamarekani waliokuwa wamepigana na Wajerumani walikuwa sasa wakicheza taratibu, shavu kwa shavu, kwa tarumbeta kutoka Hamburg. Kila nikikisikia kipande hicho nalikumbuka hilo.

Nitaitambuaje sauti ya Kaempfert?

Kwa besi. Funga macho usikilize chini, kule ambako watu wengi hawasikilizi.

Mpigaji wake Ladi Geisler, mzaliwa wa Prague aliyehamia Hamburg, alikuwa mpiga gitaa kwa asili. Alipochukua gitaa la besi hakulipiga kwa vidole. Alilipiga kwa kipande kigumu, kama mpiga udi anavyotumia risha, akaikata kila nota mara tu inapozaliwa na kuacha ncha yake kali isikike. Matokeo yake ni besi fupi, kavu, inayotatarika kama kuni mbichi motoni. Wajerumani wenyewe waliita "Knackbass", na neno hilo "knack" ni mlio ule ule wa kitu kinachokatika. Kabla ya hapo besi katika muziki wa aina hii ilikuwa kitu cha kuhisiwa zaidi kuliko kusikika. Kaempfert akaileta mbele hadi ikawa kama ngoma ya pili.

Juu ya besi hiyo drams hupigwa kwa adabu, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Kisha fidla nyingi, mara nyingi zote zikiwa kwenye sauti moja ya juu, bila mapambo. Kisha kwaya inayoimba "uu" na "aa" pasipo neno hata moja. Na mbele ya wote anasimama mpulizaji mmoja, aghalabu wa tarumbeta, akiimba kwa ala yake. Charly Tabor alikuwa wa kwanza. Baadaye alikuja Fred Moch, ambaye tarumbeta yake ndiyo watu wengi wanayoijua bila kujua wanaijua.

Mwangalie sasa Kaempfert jinsi alivyoacha nafasi. Okestra ilikuwa kubwa, lakini ni mara chache kila mtu anapiga kwa wakati mmoja. Tarumbeta ikisema, fidla zinakaa kimya. Fidla zikiingia, tromboni zinapunguza. Besi haisimami, na kwa sababu haisimami wengine wote wanaweza kunyamaza na muziki usianguke. Kijana mmoja mpiga besi aliwahi kuniambia kwamba kusikiliza kipande kimoja cha Kaempfert kulimfundisha kunyamaza kuliko mwalimu yeyote aliyepata kuwa naye. Nakubaliana naye kabisa.

Siwezi kumaliza jibu hili bila Herbert Rehbein. Alikuwa mpiga fidla, mtunzi na mpangaji, na kwa miaka mingi walifanya kazi bega kwa bega. Vipande vingi vina majina yao wote wawili, na ule ulaini wa fidla unatokana na mkono wa Rehbein kwa kiasi kikubwa. Rehbein alifariki mwaka 1979, Kaempfert akamfuata mwaka uliofuata.

Albamu ya "A Swingin' Safari" ni ya safari ya wapi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na wasomaji wa Kiswahili, na nina sababu ya kulijibu kwa kirefu. Neno ni letu. "Safari" ilitoka kwenye misafara ya pwani na bara, ikaingia Kiingereza kupitia wapelelezi na wawindaji wa karne ya 19, ikapoteza maana yake pana ya kwenda popote na kubaki na magari na simba. Mwaka 1962, Kaempfert alipotaka jina la albamu yenye harufu ya Afrika, neno la Kiswahili ndilo lililokuwa karibu.

Muziki wenyewe, lakini, si wa Afrika Mashariki. Albamu hiyo imejengwa juu ya kwela ya Afrika Kusini, muziki wa vijana wa mitaani katika miaka ya 50 waliopiga filimbi za bati za bei ndogo, gitaa likizunguka kwenye kodi (nota zinazopigwa kwa pamoja) tatu au nne. Hata jina la kwela msemaji wa Kiswahili anaweza kulinusa: kwa Kizulu ni "khwela", panda, na sisi tunasema "kwea". Zile filimbi ndogo zinazoruka juu mwanzoni mwa kipande cha "A Swingin' Safari" ni filimbi za bati za Johannesburg zilizovishwa suti. Besi ya Geisler inakaa humo kana kwamba iliumbwa kwa ajili hiyo, kwa sababu kwela nayo hutaka besi fupi inayorukaruka.

Kipande hicho na "Afrikaan Beat" alivitunga mwenyewe. Ila albamu hiyo ina vipande vingine ambavyo ni vya Waafrika, na hapa naomba tusimame kidogo.

"Skokiaan" ni utunzi wa August Musarurwa, mpiga saksafoni wa Bulawayo katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Skokiaan ni pombe haramu ya kienyeji, ndugu yake gongo na chang'aa. Wimbo wake ulizunguka Marekani mwaka 1954 hadi Louis Armstrong akaurekodi.

"That Happy Feeling" ni utunzi wa Guy Warren wa Accra, mpiga ngoma ambaye baadaye alijiita Kofi Ghanaba. Yeye aliuita "Eyi Wala Dong", sala ya shukrani, na ulikuwamo katika albamu yake ya mwaka 1956 iliyotolewa na Decca, kampuni ile ile iliyomtoa Kaempfert huko Marekani. Ghanaba na Kaempfert walizaliwa mwaka mmoja, miezi mitano tu ikiwatenganisha. Mmoja alikuwa na okestra, fidla na studio ya Hamburg. Mwingine alikuwa ameenda Chicago na New York akijaribu kuwaeleza wanamuziki wa jazi ngoma za Afrika zinasema nini, muongo mzima kabla hawajawa tayari kusikia.

Halafu "Wimoweh". Huo ni "Mbube" wa Solomon Linda, uliorekodiwa Johannesburg mwaka 1939. Maneno ya Kizulu "uyimbube", yaani wewe ni simba, yalisikiwa vibaya na kikundi cha The Weavers cha Marekani na kuwa "wimoweh", na wimbo ukaenea duniani ukiwa na jina la mtunzi wa kubuni, Paul Campbell. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, mwaka ule ule ambao Kaempfert alitoa albamu hii. Ni mwaka 2006 tu ndipo warithi wake walipofikia makubaliano ya kulipwa.

Simlaumu Kaempfert kwa dhambi za biashara nzima ya santuri. Ghanaba alitajwa kuwa mtunzi wa kipande chake, Musarurwa pia anajulikana kuwa mwenye chake, na mpangaji wa Hamburg hakuwa amesaini mikataba ya Johannesburg. Bado naamini kila anayeipiga albamu hii leo anapaswa kuwataja hao watatu. Uzuri wa upangaji ule ni mkubwa kiasi cha kumfanya msikilizaji asahau kuuliza wimbo umetoka kwa nani, na sisi ambao lugha yetu ilibandikwa juu ya jalada tuna haki ya kuwa wa kwanza kuuliza.

Basi mbona wengine husema "A Swingin' Safari" ni ya Billy Vaughn?

Kwa sababu Billy Vaughn, kiongozi wa okestra wa Marekani, aliirekodi mwaka 1962 na toleo lake ndilo lililopanda juu kwenye chati za huko. Toleo la Kaempfert mwenyewe likawa mlio wa kufungulia mchezo wa televisheni uitwao The Match Game katika miaka ya 60. Wamarekani wa umri fulani wakiisikia hufikiria televisheni, si Afrika wala Hamburg.

Ni kweli alihusika na wimbo wa Elvis Presley?

Ni kweli. "Wooden Heart", ambao Elvis aliuimba katika filamu ya G.I. Blues ya mwaka 1960, umejengwa juu ya "Muss i denn", wimbo wa jadi wa kusini mwa Ujerumani ambao kijana anayeondoka kwao humwimbia mpenzi wake. Kaempfert ni mmoja wa wanne walioandikwa kuwa watunzi wa toleo hilo. Mwaka 1961 lilishika namba moja Uingereza. Elvis anaimba sehemu yake kwa Kijerumani, na anajitahidi.

Na Beatles je? Nimesikia yeye ndiye aliyewagundua.

Neno "kugundua" ni kubwa mno, lakini ndiye aliyewaingiza katika kurekodi kwa mkataba kwa mara ya kwanza, na hiyo ni heshima tosha.

Mwaka 1961 vijana wale wa Liverpool walikuwa wakipiga usiku kucha katika kilabu cha Top Ten, Hamburg. Kaempfert alikuwa akitafuta vipaji kwa ajili ya Polydor, na mwimbaji aliyemvutia hasa ni Tony Sheridan, Mwingereza waliyekuwa wakimsindikiza. Mwezi Juni akawachukua wote hadi Friedrich-Ebert-Halle, ukumbi wa shule katika eneo la Harburg, akawarekodi. "My Bonnie" ikatoka Ujerumani mwaka huo ikiwa na jina la Tony Sheridan na The Beat Brothers. Katika kazi hiyo John Lennon aliimba "Ain't She Sweet", na wakapiga kipande kisicho na maneno, "Cry for a Shadow", ambacho kina majina ya Harrison na Lennon. Mpiga drams alikuwa bado Pete Best.

Santuri hiyo ndiyo iliyokuwa ikiulizwa katika duka la Brian Epstein huko Liverpool kabla Epstein hajaenda kuwatazama, kama alivyosimulia mwenyewe. Akawa meneja wao, na mwaka 1962 akamwomba Kaempfert awaachie ili watafute mkataba Uingereza. Kaempfert akawaachia. Wapo wanaomcheka kwa hilo. Mimi naliona kama tendo la muungwana. Alijua muziki wao hauko katika mikono yake, hakuwabana, na hakuwadai utajiri kwa kuwaachia. Katika biashara ambayo vijana wengi wamefungwa miguu kwa karatasi walizosaini wakiwa na njaa, hilo si dogo.

"Strangers in the Night" ni wake kweli?

Sauti ni yake. Ilizaliwa kama kipande kisicho na maneno cha filamu A Man Could Get Killed ya mwaka 1966, kikiitwa "Beddy Bye". Maneno ya Kiingereza yaliandikwa na Charles Singleton na Eddie Snyder. Frank Sinatra aliurekodi Aprili 1966, na kufikia Julai ulikuwa namba moja Marekani. Ulishika namba moja Uingereza pia. Ulimpa Sinatra tuzo ya Grammy ya rekodi ya mwaka, na Kaempfert akapata Golden Globe ya wimbo bora wa filamu.

Tuzo ya Grammy ya upangaji ilikwenda kwa Ernie Freeman, aliyepanga toleo la Sinatra. Mtu ambaye ufundi wake mkubwa ulikuwa kupanga alijulikana duniani kwa wimbo uliopangwa na mwingine. Freeman alifanya kazi nzuri, sikatai. Lakini tafuta toleo la Kaempfert mwenyewe uyaweke yote mawili pamoja. La Sinatra linakukamata begani. La Kaempfert linapita mlangoni, linakutazama, na linaendelea na njia yake.

Kuhusu umiliki, ndiyo, wapo watu kadhaa waliodai kuwa wimbo ni wao. Mmoja wao, mtunzi wa Ufaransa Philippe-Gérard, alifika mahakamani na hakushinda.

Na kwa wanaouliza juu ya lile "dubi-dubi-du" la mwisho: ni la Sinatra, halimo katika utunzi. Fred Silverman wa televisheni ya CBS alisema kwamba jina la mbwa wa katuni Scooby-Doo alilitoa hapo. Jimi Hendrix naye alichomeka sauti ya wimbo huu katikati ya "Wild Thing" jukwaani katika tamasha la Monterey, Marekani, mwaka 1967, muda mfupi kabla ya kulichoma gitaa lake.

Nyimbo nyingine nizijuazo ni zipi?

"L-O-V-E" ya Nat King Cole: sauti ya Kaempfert, maneno ya Milt Gabler. Cole aliirekodi mwaka 1964 na kufariki Februari 1965, na hata leo ni mojawapo ya nyimbo za kwanza ambazo watu huimba wakitajiwa jina lake. "Danke Schoen" ya Wayne Newton ya mwaka 1963. "Spanish Eyes" ya Al Martino, ambayo Kaempfert aliitoa kwanza bila maneno kwa jina la "Moon over Naples". "The World We Knew" ya Sinatra ya mwaka 1967. "Lady" ya Jack Jones. Mwaka 1968 shirika la haki za watunzi la BMI lilimpa tuzo tano kwa mkupuo mmoja.

Ukizitazama zote utaona mwendo mmoja: kipande huzaliwa bila maneno, kinakaa vizuri mdomoni, kisha mwimbaji anakitamani. Kaempfert alitunga kwa ajili ya tarumbeta, na tarumbeta hupumua kama binadamu. Mpulizaji akiishiwa pumzi, na mwimbaji angeishiwa hapo hapo.

Kwa nini hakuonekana sana jukwaani?

Alikuwa mtu wa studio. Kwa miaka mingi okestra yake iliishi ndani ya chumba cha kurekodia cha Polydor huko Hamburg, na wasikilizaji wa Marekani na Uingereza walimjua kwa picha za majalada tu. Ni katika miaka ya 70 ndipo alipotoka hasa. Mwaka 1974 alipiga katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, na onyesho hilo likatolewa kwenye santuri. Lisikilize kama unashuku kwamba ule ulaini ulikuwa ujanja wa mitambo. Besi inatatarika vilevile, mbele ya maelfu ya watu.

Anatofautianaje na James Last, Mantovani na Paul Mauriat?

Mantovani ni fidla, zile zinazomwagika kama maporomoko ya maji, na mbinu hiyo aliibuni mpangaji wake Ronald Binge. Ray Conniff ni sauti za watu zilizopangwa sambamba na tarumbeta na saksafoni. Paul Mauriat, Mfaransa, alishika namba moja Marekani kwa wiki tano mwaka 1968 kwa "Love Is Blue", muziki wa rangi nyingi na ala za zamani. James Last, Mjerumani mwenzake na wa kampuni hiyo hiyo ya Polydor, aliunganisha nyimbo moja baada ya nyingine bila kusimama ili watu wacheze nyumbani.

Kati ya hao wote Kaempfert ndiye aliye karibu zaidi na jazi. Kama fidla zake zingeondolewa zote, ungebaki na bendi ndogo ya swingi inayojitegemea.

Lakini si muziki wa kupigwa kwenye lifti tu?

Umepigwa kwenye lifti, ndiyo, na kwenye simu unaposubiri kuunganishwa. Hilo ni kosa la waliouweka huko. Muziki laini ni mgumu kuupanga. Muziki mzito unaweza kuficha mpigaji dhaifu ndani ya kelele. Humu nota moja ikichelewa kila mtu anaisikia. Nimekaa na rafiki zangu wapigaji tukajaribu kuipiga "Afrikaan Beat" kwa gitaa mbili, besi na drams. Nota tulizipata kwa siku moja. Ule mwendo wake, ule utulivu usiolala, ulituchukua majuma, na hatukuufikia.

Je, anakumbukwa kwao?

Anakumbukwa. Barmbek, mtaa aliozaliwa, una kiwanja chenye jina lake, Bert-Kaempfert-Platz. Marekani walimwingiza katika Songwriters Hall of Fame mwaka 1993, miaka 13 baada ya kifo chake. Ladi Geisler aliishi hadi mwaka 2011.

Nataka kuanza kusikiliza. Nianzie wapi?

Anza na "Wonderland by Night" usiku, taa zikiwa zimezimwa. Kisha "Afrikaan Beat" ukiwa na vipokea sauti masikioni, ufuate besi peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, na ukiimaliza irudie ufuate drams. Kisha "Strangers in the Night" ya kwake, si ya Sinatra.

Mwisho tafuta "Eyi Wala Dong" ya Guy Warren, uisikilize mara mbili kabla hujaweka "That Happy Feeling". Utasikia ngoma ya Accra ikivuka bahari hadi Chicago, halafu Hamburg, na utaweza kusema mwenyewe, kwa sikio lako, kipi ni cha Ghanaba na kipi ni cha Kaempfert.